Muvi za vitabu vya ajabu: usihesabu kilichokatwa, uliza mtoto wa tatu kazaliwa wapi

MLETA UZI (Mikindani, Mtwara)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Huu uzi ni mrefu na nimeuwaza wiki nzima, naomba atakayechangia asome kwanza mpaka chini ndo ashushe nondo zake.

Iko hivi. Jumamosi iliyopita tulikusanyika vijana kama saba kwa rafiki yangu mmoja pale Shangani, tukaweka The Lord of the Rings zote tatu za Peter Jackson, ya 2001, ya 2002 na ya 2003, tukazigawa usiku mbili. Mdogo wake mwenye nyumba alikuwepo, dogo kasoma kitabu chote cha Tolkien, na alikaa na daftari mapajani. Kila kilichopo kitabuni halafu kwenye muvi hakipo anaandika. Tom Bombadil hayupo, kaandika. Glorfindel hayupo na kazi yake kapewa Arwen, kaandika. Mwisho wa kitabu hobiti, wale watu wafupi ambao hadithi ni yao, wanarudi kijijini kwao wanakuta kimeharibiwa na inabidi wapigane tena, hiyo nayo haipo, kaandika kwa herufi kubwa. Usiku wa pili kurasa mbili zimejaa, akafunga daftari akasema muvi imefeli. Tulibishana mpaka adhana ya alfajiri na mimi sikuweza kumjibu, kwasababu orodha yake yote ilikuwa ya kweli, hakusingizia hata kimoja. Ila moyoni nilijua kipimo chake sicho.

Jibu nimelipata juzi nikiwa shambani napalilia chini ya mikorosho, nikamkumbuka bibi.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa Tandahimba. Hadithi aliyotusimulia mara nyingi kuliko zote ni ile ya mwanzo wetu. Kulikuwa na mtu mmoja anaishi peke yake porini, akachonga mti akapata umbo la mtu, akausimamisha nje usiku, asubuhi kuamka lile umbo ni mwanamke mzima. Wakakaa pamoja chini kule mto Ruvuma, mtoto wa kwanza akafa. Wakapanda juu kidogo, mtoto wa pili naye akafa. Wakapanda tena mpaka juu kabisa, wa tatu akaishi, na ndo maana Wamakonde wanakaa juu hata kama maji wanayafuata bondeni mbali.

Sasa sikilizeni. Bibi hakuwahi kuisimulia mara mbili ikafanana. Siku nyingine kuchonga peke yake kunachukua nusu saa, anakwambia mti gani, panga liliingiaje, jamaa alianza kichwa au miguu. Siku akiwa amechoka dakika tano kwisha. Wimbo wa katikati kuna siku upo na kuna siku haupo. Hakuna aliyelalamika. Lakini kuna siku binamu yangu wa kike, mdogo bado, aliomba asimulie yeye, na kwakuwa alikuwa na huruma akafanya yule mtoto wa kwanza asife, akakua vizuri kule kule mtoni. Bibi aliacha kuchambua mboga akamuangalia akamuuliza, "Sasa hao watu wamepanda huku juu kufuata nini?"

Hilo swali ndo kipimo changu wakuu. Hadithi ina vitu vinavyobebeka na vitu vilivyobeba. Ukiondoa kinachobebeka hadithi inapungua mwili tu. Ukiondoa kilichobeba, watu wako juu ya mlima na hakuna anayejua wamefuata nini.

Turudi kwenye daftari la dogo. Bombadil kitabuni ni mzee wa porini anaivaa ile pete ya uovu inayomtawala kila mtu na haimfanyi kitu, ni sehemu tamu mno na mimi naipenda, lakini ukimtoa yeye, Frodo, yule hobiti aliyebebeshwa pete akaiteketeze, bado ana sababu ya kupanda ule mlima wa moto. Sawa. Kijiji kuharibiwa, hapo dogo ana hoja nzito zaidi, maana kitabuni vita inawafuata mpaka mlangoni kwao. Lakini lile neno lililo chini yake, kwamba Frodo kaiokoa nchi yake ila yeye mwenyewe haponi, muvi imelibakiza, anapanda meli anaondoka na kidonda chake. Kilichoniuma mimi ni Faramir, yule kapteni anayekutana na kina Frodo njiani, na dogo wala hakumwandika kwasababu yupo! Kitabuni Faramir anasema hata angeikuta hiyo pete barabarani asingeiokota, anawaachia kina Frodo waende. Kwenye muvi anawateka anawaburuza mpaka mji wa Osgiliath akitaka kuipeleka kwa baba yake. Umeona? Mtu yupo, jina lipo, sura ipo, ila kilichombeba kimetolewa. Daftari haliwezi kukamata kitu kama hicho.

Mfano mkali zaidi ni The NeverEnding Story. Kitabu ni cha Mjerumani Michael Ende, 1979, muvi ni ya 1984 ya Wolfgang Petersen. Mtoto Bastian anasoma kitabu halafu anaingia ndani ya kitabu. Muvi inaishia hapo karibu, anapanda joka jeupe anakuja kuwafukuza wale watoto waliokuwa wanamuonea, watu wanapiga makofi. Lakini kitabuni hapo ndo kwanza nusu! Akishaingia kule ndani kila anachotamani anapata, na kila anapopata kumbukumbu yake moja inafutika, anasahau alikotoka, anasahau wazazi, mwisho hata jina lake halijui. Kitabu kizima kinatuambia kutamani kuna gharama, halafu muvi imekata ikabakiza ofa ya bure. Ende alikasirika akataka jina lake litolewe, akaenda mpaka mahakamani, akashindwa. Mimi namuelewa yule mzee kabisa. Muvi yenyewe siyo mbaya kuangalia na watoto, ila mtoto wa kwanza hakufa.

Na ya mwisho, hii ndo inanigusa mimi kama mtu wa huku. Ursula K. Le Guin aliandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968. Ni nchi ya visiwa vitupu, watu wanaishi kwa majahazi na pepo za bahari, ukisoma ukiwa Mikindani unaangalia ngalawa zinaingia unasema huyu mama alifika lini huku. Na watu wake wengi siyo weupe. Ged mwenyewe, stelingi wa kitabu, ni wa rangi ya maji ya kunde iliyokolea, rafiki yake Vetch ni mweusi tii. Akifika miaka kumi na tatu Ged ananyang'anywa jina la utotoni, anavuka maji baridi ya mto akiwa uchi na hana jina, ng'ambo ya pili mzee Ogion anamshika mkono anamnong'oneza jina lake la kweli. Wakuu, kuna haja ya kumuelezea mtu wa kusini hiyo kitu? Kwetu kijana akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na lile la utotoni ukimuita nalo mtakosana. Niliposoma pale nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sasa 2004 kituo kimoja cha televisheni cha Marekani wakaitengeneza tamthilia. Ged wakampa kijana mweupe. Halafu majina wakayageuza, lile la siri likawa la kuitwa kila siku na la kuitwa kila siku likawa la siri. Le Guin aliandika hadharani mwaka ule ule kwamba wamezipaka chokaa rangi za watu wake. Na hili la majina kwangu ni kubwa sawasawa na lile la rangi, maana kitabu kizima kinaishia Ged anakutana na kivuli chake na wote wawili wanatamka jina moja kwa pamoja. Ukishachezea majina, huo mwisho unasimama wapi?

Nimemaliza kwa leo. Karibuni, na mwenye kupinga apinge.

MDAU WA LINDI MJINI

Mkuu nimesoma mpaka chini kama ulivyoagiza, bibi yako apewe maua yake. Ila mi nakupinga kidogo.

Wewe na dogo wa daftari wote mmesoma kitabu. Sisi wengine hivyo vitabu hatukuwahi kuvishika mkononi, Lord of the Rings niliijulia kwenye kibanda umiza hapa Lindi nikiwa darasa la sita, mabenchi ya mbao, turubai, tivii ya kichogo na jamaa anayetafsiri ana kipaza sauti. Mimi sikujua kuna Faramir mwingine mahali. Muvi kwangu ilikuwa ndo yenyewe. Kwahiyo nauliza, muvi isisimame kwa miguu yake? Mbona ukila wali unausifia au kuukataa hapo hapo kwenye sahani huendi kuuliza shambani ulipandwaje?

Halafu huyo mtafsiri nikwambie. Neno mchawi kwetu ni baya, mchawi ni mtu wa kuroga, sasa Gandalf, yule mzee wa miujiza mwenye ndevu, utamwitaje? Jamaa akamwita Sharifu. Banda zima tukaelewa papo hapo, mzee wa heshima, ana elimu ya siri, anaogopwa kidogo, anatokea pale asipotarajiwa. Hakuna mwandishi aliyempangia hiyo. Na kuna kitu kingine, sisi watoto tulikuwa tunasema stelingi ni Aragorn, si ndo anakata watu na upanga? Yule jamaa akazima sauti ya muvi kabisa akasema sikilizeni nyie, stelingi ni huyu mdogo aliyebeba mzigo, huyo mwenye upanga anamsindikiza tu. Mpaka leo nakumbuka. Nataka kusema anayeipeleka hadithi mahali pengine naye ana haki yake, asihukumiwe kama mwizi.

MLETA UZI

Aisee mdau wa Lindi, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Hapo kwenye wali nakubali nusu. Kama muvi haisimami yenyewe hata ingefuata kitabu nukta kwa nukta haisaidii, watu watalala.

Ila angalia ulichokisimulia mwenyewe. Mtafsiri kabadilisha jina la Gandalf na hakuna kilichoharibika, kinachobebeka. Halafu alipoona watoto mnampa Aragorn ustelingi akasimamisha kila kitu. Kwanini? Kwasababu hapo mlikuwa mnagusa kilichobeba. Bila kitabu mkononi yule jamaa alikijua. Mtoto wa Tolkien, Christopher, aliyetunza maandishi ya baba yake miaka na miaka, aliliambia gazeti la Ufaransa mwaka 2012 kwamba wamekitumbua kile kitabu matumbo wakakifanya muvi ya mapigano ya vijana wa miaka 15 mpaka 25. Mimi naona alizidisha, lakini alichokiona yeye ndo hicho hicho alichokiona mtafsiri wenu wa Lindi, kwamba panga zinapiga kelele mpaka yule mdogo mwenye mzigo hasikiki. Tofauti ni kwamba mtafsiri alikuwa na kipaza sauti.

DADA WA MASASI

Jamani nimechelewa ila naomba nafasi, mimi ni Harry Potter damu damu. Vitabu saba, 1997 mpaka 2007, muvi nane, nimerudia zote sijui mara ngapi.

Watu wakilalamika kuhusu Harry Potter wanalalamika vitu vya daftari. Peeves, yule mzuka mtukutu wa shuleni, hayupo. Kitabu cha tano ndo kirefu kuliko vyote, kile chapa cha Uingereza kina kurasa 766, halafu muvi yake ni ya pili kwa ufupi kati ya zote nane. Sawa, ni kweli, na mimi ile muvi bado naipenda, walichagua hasira ya yule mtoto wakaishikilia mwanzo mwisho.

Mimi kilichonikata maini ni kifo cha Voldemort, yule adui mkubwa wa Harry. Kitabuni anakufa ukumbini mbele ya watu wote, asubuhi kunakucha, anaanguka chini kama mtu yeyote anavyoanguka, mwili unabaki pale sakafuni umesinyaa hauna kitu. Huyu mtu maisha yake yote kaua watu ili asife, kajikata roho vipande saba, kakataa kuwa binadamu, na mwisho anakuwa maiti ya kawaida kabisa. Ndo adhabu yake hiyo! Kwenye muvi wanapigana nje peke yao, halafu anachanguka vipande vipande kama majivu ya karatasi anapeperuka. Anakuwa wa ajabu mpaka kwenye kufa. Alichokitaka maisha yake yote wamempa dakika ya mwisho, na hakuna hata shahidi mmoja aliyeona. Mimi nililia sinema ilipoisha na siyo kwa uzuri.

Na fimbo. Kitabuni Harry akishapata ile fimbo yenye nguvu kuliko zote anaitumia kitu kimoja tu, kutengeneza fimbo yake ya zamani iliyovunjika, halafu anasema ile kubwa anairudisha kaburini. Yaani mtoto kapewa ufalme kachagua jembe lake la zamani. Kwenye muvi anaivunja anaitupa korongoni na yake haitengenezi. Inapendeza machoni, ila nakuuliza kwa swali la bibi, sasa kahangaika miaka saba kufuata nini?

Ila kaka, kipimo chako nakileta kwenye mtihani. Howl's Moving Castle. Kitabu cha Diana Wynne Jones cha 1986, muvi ya Mjapani Miyazaki ya 2004. Kabadilisha karibu kila kitu. Kitabuni Howl, yule kijana wa miujiza mwenye kasri, kwao ni Wales kabisa, dunia yetu hii, muvi haina. Muvi ina vita kubwa ya ndege na mabomu, kitabuni hakuna vita ya namna hiyo. Yule mwanamke mbaya kitabuni ni adui wa kweli, kwenye muvi anaishia bibi kizee wa kulishwa na kijiko. Na bado ile muvi naipenda sana, na mwandishi mwenyewe aliipokea vizuri. Kwa dogo wa daftari hiyo ni sifuri. Kwako je?

MLETA UZI

Dada hapo kwa Voldemort umeandika uzi ndani ya uzi, sina la kuongeza, hiyo "anakuwa wa ajabu mpaka kwenye kufa" nimeinakili.

Howl. Nilivyoelewa mimi Sophie, yule msichana stelingi, karogwa awe kikongwe, lakini kitabuni laana ile nusu anaishikilia yeye mwenyewe, alishajiona mzee kabla hajarogwa, mtoto wa kwanza wa kike aliyejiambia hana bahati. Miyazaki alifanyaje? Kamchora Sophie umri wake unapanda na kushuka. Akilala anarudi msichana. Akisema kitu kutoka moyoni uso unajikunjua, akijidharau tu mikunjo inarudi. Hakuna mtu anayeeleza, unaona kwa macho. Kile ambacho kitabu kinakisema kwa maneno mengi yeye kakisema kwa mikunjo ya uso. Mtoto wa tatu kazaliwa juu, hata kama mlima wenyewe ni mwingine kabisa. Kwahiyo kwangu imefaulu, na mtihani wako nimeupenda.

MDAU WA NACHINGWEA

Mleta uzi umemuonea Faramir. Au tuseme umewaonea waliomwandika.

Wale waandishi wa skripti walishaeleza sababu. Muvi nzima umekaa unaambiwa hii pete hakuna anayeishinda, Boromir kaka yake Faramir kaanguka, Gandalf mwenyewe anaogopa kuishika, Galadriel yule malkia wa msituni karibu aanguke. Halafu anatokea kijana mmoja porini anasema mimi siitaki, nendeni. Mtazamaji atasema kumbe pete yenyewe haina kitu. Kwenye kitabu una kurasa za kumjua Faramir, kwenye muvi una dakika. Kwahiyo wakamfanya ajaribiwe kwanza, mwisho anaiachia na anajua kwa sheria za nchi yake anaweza kuuawa kwa kufanya vile. Kwangu huyo ni jasiri zaidi ya yule wa kitabuni ambaye wala hakutikisika. Ukitumia swali la bibi, Faramir wa muvi amepanda mlima na tumeona jasho lake.

Nyongeza ndogo, kama unatafuta dhambi ya Jackson iko kwenye The Hobbit. Kitabu kimoja cha watoto cha 1937, kakitoa muvi tatu, 2012, 2013 na 2014, karibu masaa manane. Hapo hakukata, kaongeza, kaweka mpaka mapenzi ya mtu ambaye kitabuni hayupo kabisa. Bilbo anapotea ndani ya kitabu chake mwenyewe.

MLETA UZI

Mkuu nimekaa na hii yako toka jana usiku sijajibu. Nimeirudia ile sehemu ya Osgiliath leo peke yangu. Ile ya kwamba anahatarisha maisha yake kwa kuwaachia nilikuwa nimeisahau, na ni kweli ina uzito.

Nakupa hivi. Walichofanya siyo uzembe, walikuwa na tatizo la kweli na wakalitatua. Ila naendelea kuumia kwasababu Faramir wa kitabuni alikuwa ananiambia kitu ambacho wengine hawakuniambia, kwamba wapo watu ambao wamelelewa wakaiva kiasi kwamba mlango wa tamaa haufunguki. Mimi nimemjua mtu wa namna hiyo, mzee mmoja wa hapa Mikindani, mwaka korosho zilipokuwa na bei ya kuchanganya watu akili alirudisha pesa aliyolipwa kwa makosa kabla hata mwenyewe hajagundua, na hakuona kama kafanya kitu. Huyo hakutoka jasho. Ndo nilitaka kumuona kwenye skrini. Kwa The Hobbit nakuunga mkono bila maneno.

MWALIMU MSTAAFU, LINDI

Vijana wangu, nimewasoma. Mimi ni mzee wa Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1929, tulikisoma mpaka jalada likabaki kamba. Nyie mtasema si kitabu cha mazingaombwe, lakini kina Gagula yule bibi kizee asiyekufa, na kina wafalme waliogeuzwa mawe pangoni, kwahiyo nitakichangia hapa.

Kitabuni Bwana Henry anamtafuta nani? Mdogo wake. Waligombana, baba yao akafa bila wosia, urithi wote ukaenda kwa mkubwa naye hakumpa mdogo kitu, mdogo akaondoka na visenti vyake vichache, na mkubwa dhamiri ikamsuta, akasema nitamfuata hata akiwa amekufa nijue. Safari yote ile, jangwa, kiu, vita, msingi wake ni mtu aliyemkosea ndugu yake. Muvi ya 1937 imeingiza mwanamke wa Kizungu ambaye kitabuni hayupo. Ya 1950 ikaenda mbali, mwanamke huyo ndiye anayetafuta, na anayetafutwa ni mumewe. Mume anakutwa amekufa, basi mwanamke yuko huru kwa mwindaji anayewaongoza safari. Wameona wamebadilisha mtu mmoja tu. Lakini wameondoa undugu, na pamoja na undugu wameondoa kosa na toba. Kitabuni ndugu anakutwa hai. Swali la bibi yako, mjukuu wangu, ningelipenda kulisikia darasani miaka thelathini iliyopita.

Sasa na mimi nina swali. Mnaongelea vitabu vya Wazungu siku tatu. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, 1952, hamkioni? Mtu kila usiku anawachapa nyani wawili kwa amri ya jini, na nyani hao ni ndugu zake wa damu waliomdhulumu. Kesho mkiambiwa itengenezwe muvi, mtaacha nini na mtakatalia nini?

MLETA UZI

Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana, na umetukamata vizuri.

Ningeacha vingi. Safari za bahari ningezifupisha, ule mji wa watu waliogeuka mawe ningeubakiza hata kwa dakika chache kwasababu hauwezi kusahaulika. Majini ningeomba tu yasitengenezwe kwa kompyuta mpaka yakang'aa kama sufuria mpya. Kimoja nisingekubali mtu aguse. Adili anawachapa huku anawahurumia. Mtu atakuja na skripti atasema mwanzoni tumfanye katili ili watu washtuke, au atasema hawa ndugu walimfanyia mabaya basi tumfanye afurahie kisasi, watazamaji watapiga kelele za shangwe. Akifanya hivyo hakuna Adili tena, kuna mtu na kiboko. Ule uso wa mtu anayempiga nduguye kwa amri na moyo unakataa, huo uso nataka kuuona kwa karibu, kimya, bila muziki. Na ningepiga picha huku kwetu, Kilwa Kisiwani yale magofu ya msikiti mkubwa ni ikulu tosha ya mfalme yeyote.

MWALIMU MSTAAFU, LINDI

Marahaba. Kwenye kiboko umejibu. Lakini nyani umewasahau. Wao nao wana macho. Wanajua wanachapwa na nani na kwa nini. Anayetengeneza hiyo muvi akiniwekea nyani wa kuchekesha nitatoka nje.

DADA WA MASASI

Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye macho ya nyani mwili umenisisimka. Kwa Kiswahili, na waigizaji wa huku huku, mimi ningeiangalia hata kwa kusimama.

MDAU WA NEWALA

Wakuu nimepita kimya kimya toka juzi, ila hiyo hadithi ya mwanzo na mimi nimelelewa nayo na kuna kitu mleta uzi hujakitaja. Kwa bibi yangu inaanza hivi, yule mtu wa porini alikuwa haogi wala hanyoi nywele, na alikuwa bado hajawa mtu hasa. Bibi alikuwa anakazia sana hapo, anarudia mara tatu. Na pale juu mtoto wa tatu alipoishi alikuwa anapataja kwa jina, Mahuta. Kwenu hiyo ya kutooga haipo?

MLETA UZI

Haipo kaka. Sijawahi kuisikia. Bibi yangu alikuwa anaanza moja kwa moja na kuchonga.

Na sasa hivi nikiiangalia naona siyo kitu cha kubebeka. Kama alikuwa bado hajawa mtu hasa, basi kile kinyago hakikumpa mke peke yake, kilimfanya na yeye awe mtu, na hao watoto waliokufa mtoni na aliyeishi juu wanakuja na maana nyingine ambayo mimi miaka yote sikuwa nayo. Sijui bibi aliiacha kwasababu tulikuwa watoto au na yeye hakusimuliwa. Yuko Tandahimba bado, sikio moja ndo limekuwa zito. Jumapili naenda kumuona, nitamuuliza hili, halafu nitarudi hapa kuandika alichosema.

MDAU WA NEWALA

Muulize na alikuwa anaoga wapi baada ya kupata mke. Bibi yangu alifariki kabla sijamuuliza.